Injini Ipi kwa Ndege ya Mwanafunzi? Fikra Juu ya Kipimo cha Nguvu katika Ufundishaji

Walimu wakutanapo kuzungumzia kazi yao, haukawii kuzuka mjadala juu ya kiasi cha kazi na uhuru anachostahili kupewa mtu anayeanza kujifunza. Wako wasemao kwamba mwanafunzi apewe mengi tangu mwanzo, maana atakua nayo. Na wako wasemao apewe machache mno, asije akaelemewa. Kila upande una methali zake, na methali za Kiswahili ni nyingi kiasi kwamba hakuna anayekosa ya kumtetea. Aghalabu mjadala huisha kwa kuchoka, na kesho yake kila mwalimu hurudi darasani akafanya kama alivyozoea.

Nia ya makala haya ni kuutazama mjadala huo kwa njia ya jambo moja dogo ambalo majibu yake yanaweza kupimwa kwa mizani na rula. Jambo lenyewe ni uchaguzi wa injini ya ndege ndogo ya kuongozwa kwa redio, ile itumiwayo na mtu anayejifunza kurusha. Najua kwamba wasomaji wengi wa jarida hili hawajapata kuiona ndege ya namna hiyo, wala sina nia ya kuwashawishi wainunue. Naomba tu wavumilie hesabu chache, kwa sababu faida ya mfano huu imo katika hesabu zake.

Asili ya jambo hili

Mwaka 2018 nilipata nafasi ya kuhudhuria kozi ya miezi tisa ya ufundishaji wa sayansi nchini Uingereza. Karibu na mahali tulipokaa palikuwa na konde la majani la mkulima mmoja, na kila Jumapili, mvua isiponyesha, wanachama wa klabu ya ndege ndogo walikusanyika hapo. Mara ya kwanza nilivutwa na mlio. Mara zilizofuata nilikwenda kwa sababu ya mtu aliyekuwa akiwafundisha wageni. Alikuwa mzee aliyepita miaka sabini, fundi mstaafu wa reli, ambaye hakuwa na cheti cha ualimu. Hata hivyo, alikuwa na tabia moja ambayo ningependa kuiona kwa kila mkufunzi: hakumwambia mwanafunzi jambo ambalo mwanafunzi angeweza kulipima mwenyewe.

Mchezo huu una historia ndefu. Ndugu wawili mapacha wa Kalamazoo, katika jimbo la Michigan, Marekani, Walter na William Good, waliirusha ndege yao iliyoitwa Guff kwa kuiongoza kwa redio mwaka 1937, na ndege hiyo imehifadhiwa katika makumbusho ya Smithsonian. Siku zile injini ziliwaka kwa cheche ya umeme, hivyo ndege ililazimika kubeba angani betri na koili ya kuwashia. Mwaka 1947 Mmarekani Ray Arden alileta sokoni plagi ya joto. Waya wake mwembamba wa platini hubaki mwekundu kwa joto la mwako wenyewe, na kwa tendo la kikemia baina ya platini na methanoli iliyomo katika mafuta. Betri ya volti 1.5 hutumika wakati wa kuwasha tu. Injini ikishashika, betri huondolewa ikaachwa chini. Naomba msomaji alishike jambo hili, kwa sababu tutalirudia: maendeleo makubwa ya mchezo huu yalitokana na kupunguza uzito bila kuongeza nguvu.

Siku hizi wanafunzi wengi huanza kwa mota za umeme na betri za lithiamu, na huko kipimo hutajwa kwa wati. Kwa ndege ya kujifunzia, kanuni ya kawaida ni wati 150 hadi 220 kwa kila kilo ya ndege nzima. Katika klabu ile, hata hivyo, wengi walikuwa bado wakipenda injini za mafuta, na mambo niliyoyaona yalihusu injini hizo.

Maana ya ukubwa wa injini

Ukubwa wa injini ni ujazo unaofagiliwa na pistoni katika mwendo wake mmoja ndani ya silinda. Ni kipimo kile kile ambacho mafundi wetu wa pikipiki hukiita sisi, wasemapo pikipiki fulani ni ya sisi 125. Mwanafunzi wa kidato cha pili anaweza kukipata akijua vipimo viwili. Tuseme kipenyo cha silinda ni milimita 22 na mwendo wa pistoni ni milimita 19.6. Nusu kipenyo ni 11. Mraba wake ni 121. Zidisha kwa pai, kisha kwa 19.6, utapata milimita za ujazo zipatazo 7,450, yaani sentimita za ujazo 7.45.

Wachezaji wa Uingereza na Marekani wamezoea kutaja ukubwa huu kwa inchi za ujazo. Injini waiitayo ya arobaini ina sehemu arobaini kwa mia za inchi ya ujazo, yaani sentimita za ujazo 6.5 hivi. Ile ya ishirini na tano ni karibu 4.1, ya arobaini na sita ni karibu 7.5, na ya sitini ni karibu 10. Hizo ni injini za mipigo miwili. Injini ya mipigo minne huhitaji ujazo mkubwa zaidi kufanya kazi ile ile, kwa kuwa huwaka mara moja tu katika kila mizunguko miwili.

Ndege ya mwanafunzi nayo ina umbo lake. Bawa huwekwa juu ya kiwiliwili, na ncha zake zimeinuliwa kidogo ili ndege ilalapo upande irudi yenyewe. Tumbo la bawa ni bapa au karibu na bapa, ili ndege iweze kuelea polepole. Ndege ya kawaida ya injini ya arobaini ina upana wa bawa wa mita moja na nusu hadi mita moja na robo tatu, na uzito wa kilo mbili na nusu hivi. Rafadha yake, au propela, huwa na kipenyo cha inchi 10 na hatua ya inchi 6. Maana ya hatua ni kwamba, kama hewa ingekuwa ngumu kama ubao, rafadha ingesonga mbele inchi 6, yaani sentimita 15.24, kwa kila mzunguko mmoja, kama parafujo. Ikizunguka mara 11,000 kwa dakika, mwendo wake ungekuwa mita 28 kwa sekunde, karibu kilomita 100 kwa saa. Kwa kweli ndege haifikii mwendo huo, lakini kipimo hicho kinatosha kumwonyesha mwanafunzi kwamba mchezo huu haupaswi kuchezewa karibu na watu.

Madhara ya injini ndogo kupita kiasi

Alikuwapo klabuni mama mmoja, muuguzi mstaafu, ambaye kwa kubana matumizi aliifunga injini ya sentimita za ujazo 4.1 katika ndege iliyokusudiwa kubeba ya 6.5. Alikuwa mtu makini, na mkono wake ulikuwa mtulivu kuliko wa vijana wengi. Ndege yake iliruka, lakini iliruka kwa shida. Ilihitaji karibu uwanja mzima kuondoka katika majani, na ikiwa angani ilibidi injini ifanye kazi kwa nguvu zote wakati wote.

Ubaya wa hali hiyo huonekana wakati wa kutua. Mwanafunzi anayejifunza kutua hukosea mara nyingi: huja juu mno, au chini mno, au kwa upande. Dawa ya makosa hayo ni moja tu, nayo ni kuongeza moto, kupanda tena, na kuanza upya. Kwa hiyo ni lazima awe na akiba. Hesabu yake si ngumu: kuipandisha ndege ya kilo 2.5 kwa mita 3 kila sekunde kunahitaji 2.5 mara 9.8 mara 3, yaani wati 74 hivi, juu ya zile zinazotumika kuishikilia ndege isishuke. Asiye na wati hizo hana nafasi ya kujaribu tena. Siku moja yule mama alikuja chini mno, akavuta pua juu ili aruke ua wa miti. Ndege ikapoteza mwendo, ikaishiwa na nguvu ya kuelea, ikaanguka ndani ya ua. Mzee alimwambia maneno machache tu: kwamba mkono wake ulifanya alichofundishwa, ila hapakuwa na kitu cha kuuitikia.

Madhara ya injini kubwa kupita kiasi

Jambo la pili lilinishughulisha zaidi, kwa sababu lilikuwa na sura ya ukarimu. Baba mmoja alimleta mwanawe wa miaka kumi na mitatu. Ndege yao ilikuwa nzuri, ya kipimo cha injini ya arobaini, lakini pua yake ilibeba injini ya sitini. Muuzaji alikuwa amemshauri baba anunue kubwa mara moja, ili asije akanunua tena mtoto akiendelea.

Hoja hiyo sisi tunaifahamu sana. Kila Januari wazazi wetu hununua sare ya kukulia: sketi inayofika kwenye vifundo vya miguu, na viatu vyenye karatasi iliyosokotwa ndani ya ncha. Ni hoja ya mtu mwenye fedha kidogo na mapenzi mengi, na katika jambo la sare ni hoja ya haki. Sare kubwa humchekesha jirani, lakini haimsukumi mtoto kokote.

Mzee hakubishana. Alileta mizani, akaiweka ndege juu yake mbele ya baba na mtoto. Ilikuwa kilo tatu. Kisha akawauliza uzito ule wa ziada umetoka wapi, na mtoto mwenyewe akaupata kwa kupima kipande kimoja kimoja. Injini na bomba lake la moshi vilizidi vile vya injini ya arobaini kwa gramu zipatazo mia mbili. Lakini pua ikizidi uzito ndege hainyooki, kwa hiyo walikuwa wametia vipande vya risasi mkiani ili kurudisha ulinganifu. Kanuni ni ile ya bembea ya watoto: gramu 200 zilizo sentimita 25 mbele ya kitovu cha uzito hudai gramu 67 hivi zilizo sentimita 75 nyuma yake. Tangi lilikuwa kubwa zaidi. Kiwambo cha mbele kilikuwa kimeongezwa ubao ili kihimili mtikiso, na magurudumu yalikuwa yamebadilishwa. Hivyo nguvu iliyoongezwa ilikuwa imekuja na jamaa zake wote.

Hebu tufanye hesabu ya jambo hilo. Mwendo wa chini kabisa ambao ndege inaweza kuruka bila kuanguka huongezeka kwa kadiri ya kipeuo cha pili cha uzito wake. Ndege ya kilo 2.5 yenye bawa la eneo la mita za mraba 0.45 huweza kushuka hadi mita 8.6 kwa sekunde hivi, karibu kilomita 31 kwa saa. Ikiwa kilo 3, mwendo huo hupanda hadi mita 9.4, karibu kilomita 34. Tofauti yaonekana ndogo. Lakini nishati ya mgongano hutegemea uzito na mraba wa mwendo, na maadam mraba wa mwendo wenyewe umeongezeka kwa kadiri ya uzito, uzito unahesabiwa mara mbili. Uzito ukiongezeka kwa asilimia 20, nishati huongezeka kwa asilimia 44. Ardhi ile ile, mtoto yule yule, lakini pigo ni karibu mara moja na nusu.

Baba aliuliza swali ambalo kila mtu huliuliza, na ambalo nami nilikuwa nalo moyoni: je, kijana hawezi kuipunguza injini moto akaitumia nusu tu? Mzee akajibu, "Unaweza kuipunguza nguvu, bwana. Uzito hauna kabureta." Nililiandika jibu hilo katika daftari langu la kozi, na sijaona mahali lilipokosa kunifaa.

Gharama iliyokuwa imekwisha kutumika ni kitu kizito pia, na baba hakuwa tayari kuifungua injini ile. Mzee akakubali kuanza nayo. Mwanafunzi na mwalimu hushika kila mmoja redio yake ya kuongozea, na redio hizo mbili huunganishwa, zamani kwa waya na siku hizi hata bila waya. Mwalimu hubonyeza kitufe ili mwanafunzi aongoze. Akikiachia, ndege hurudi mikononi mwa mwalimu papo hapo. Kwa sababu hiyo ndege haikuvunjika. Kilichovunjika hakikuonekana upesi.

Jumapili ya kwanza kijana alijaribu kutua mara sita, na mara zote sita ndege ilikuja kwa kasi mno, mzee akaichukua. Jumapili ya pili hali ilikuwa hiyo hiyo. Jumapili ya tatu nilisimama karibu nao, nikasikia jambo lililonihuzunisha. Ndege ikiwa bado mbali, kabla ya kosa lolote kutokea, kijana alisema, "Chukua." Mzunguko uliofuata akasema tena, "Chukua," mapema zaidi. Kwa wiki tatu alikuwa amejifunza somo moja barabara, nalo ni kwamba sehemu ngumu ya kazi ni ya mtu mwingine. Baada ya hapo baba alimvuta mzee kando akamwuliza kwa sauti ya chini kama mwanawe hana kipaji.

Mwalimu yeyote aliyekaa na wazazi wakati wa kutoa ripoti za muhula analijua swali hilo, na anajua jinsi lilivyo rahisi kulijibu vibaya. Mzee alisema hawezi kujua, kwa kuwa kijana hajawahi kupewa ndege ya mwanafunzi. Akaitoa garini ndege ya klabu, kuukuu, yenye viraka, ya injini ya arobaini. Jumapili hiyo kijana hakutua, lakini hakusema "chukua" ila mara moja. Jumapili iliyofuata aliitua mwenyewe, kwa kurukaruka mara mbili kama panzi, ikasimama katika majani marefu. Ile injini ya sitini ilipakwa mafuta, ikafungwa kwa kitambaa, ikawekwa kabatini ingoje siku yake. Nilipoondoka nchini humo kijana alikuwa akijiandaa kwa mtihani wa daraja la kwanza, ule uitwao cheti cha A, ambao chama cha taifa cha warusha ndege ndogo hutoa kwa mtu anayeweza kurusha kwa usalama bila msaada.

Somo hili darasani

Niliporudi chuoni nililitengenezea jambo hili kipindi cha dakika themanini kwa wanachuo wa mwaka wa pili. Hatuna ndege ya redio, na hapa Tanzania chombo kirukacho bila rubani huhitaji kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga. Lakini somo halihitaji ndege. Linahitaji karatasi, vibanio vya karatasi, rula, mizani ndogo ya maabara na saa ya simu.

Kila kikundi hukunja ndege ya karatasi yenye bawa pana, huirusha taratibu kutoka urefu wa bega, na kupima muda inaotumia kufika ukutani. Kisha huongeza vibanio, kimoja baada ya kingine, mahali hasa ndege inaposimama sawasawa juu ya kidole, ili ulinganifu usibadilike. Wanachuo huona wenyewe kwamba ndege ile ile, kwa bawa lile lile, yazidi kwenda mbio kadiri inavyozidi uzito, na pua yake yazidi kubonyea igongapo ukuta. Hapo ndipo ninapowaandikia ubaoni zile namba za kilo 2.5 na kilo 3, wazikokotoe. Aliyekwisha kuona pua iliyobonyea haulizi mraba wa mwendo una faida gani.

Sehemu ya pili ni ya kuchagua. Kila kikundi hupewa kadi ya mwanafunzi mmoja wa kurusha na mahali atakaporushia, na kutakiwa kumchagulia injini na kuitetea. Kadi ninayoipenda zaidi ni ya wanafunzi wawili wenye ndege zilizo sawa, mmoja Tanga na mwingine Mbeya. Mbeya iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, ambako hewa ni nyepesi kwa asilimia 15 hivi kuliko ya pwani. Injini huvuta hewa pungufu, rafadha huisukuma hewa pungufu, na bawa huhitaji mwendo mkubwa zaidi kubeba uzito ule ule. Injini ya 6.5 inayotosha Tanga yaweza kuwa dhaifu Mbeya, na huko ile ya 7.5 yaweza kuwa chaguo la busara. Baada ya kuibishania kadi hiyo, wanachuo huacha kutafuta jibu moja kwa watu wote. Hujifunza kuuliza kwanza: mwanafunzi huyu yuko wapi, na hewa yake ikoje?

Swali la mwanachuo

Mara ya pili nilipolifundisha somo hili, mwanachuo mmoja wa kike alisimama akasema, "Mkufunzi, sisi tukienda kwenye mazoezi ya kufundisha tunapewa darasa la watoto themanini siku ya kwanza, na mwalimu wa darasa anakwenda zake ofisini. Je, hiyo ni injini ya sisi ngapi?" Darasa lilicheka, kisha likanyamaza, nami nikaona kwamba kipindi kilikuwa kimefika mahali ambapo sikukipangia kufika.

Tulilijadili swali lake kwa vipimo vile vile. Huwa tunamwambia mwalimu mgeni, "Wewe fundisha polepole, usiwe na wasiwasi." Huko ni kuipunguza injini moto. Lakini daftari themanini za kusahihisha zabaki themanini hata akifundisha polepole. Kelele za watoto themanini, majina themanini, na mtoto mmoja anayeumwa tumbo katikati ya somo, hivyo vyote ni uzito, na uzito hauna kabureta. Upande wa pili tulimtaja mwanachuo ambaye kwa wiki mbili za kwanza huita mahudhurio, hufuta ubao na kukaa nyuma. Huyo ana injini ndogo: hawezi kuharibu somo, wala hawezi kulipanda tena somo likimshinda, kwa sababu hajapewa somo.

Kwa idhini ya mwalimu mkuu wa shule moja jirani tulijaribu njia ya redio mbili. Mwanachuo alichukua sehemu moja tu ya somo, kwa kawaida dakika kumi na tano za katikati, na kusahihisha daftari za safu mbili tu. Mwalimu wa darasa alibaki ndani. Walipatana kabla ya kipindi kwamba mwanachuo akiinua chaki juu, mwalimu atalichukua darasa bila maneno, na atalirudisha pindi hali ikitulia. Kila wiki dakika ziliongezwa, na safu ziliongezwa. Niliwaomba walimu wa madarasa waandike jambo moja tu: chaki iliinuliwa kabla ya tatizo au baada yake? Maana chaki inayoinuliwa mapema, na kila siku mapema zaidi, ndiyo "chukua" ya yule kijana. Wawili kati ya wanachuo wetu walionyesha dalili hiyo, nasi tuliwapunguzia uzito kabla hatujawapima kipaji. Mmoja alimaliza mazoezi yake akifundisha kipindi kizima. Mwingine alihitaji muhula wa ziada, naye anaendelea.

Njia hii ina gharama zake, wala sipendi kuzificha. Inamfunga mwalimu wa darasa ndani ya chumba wakati ambao angeweza kufanya kazi nyingine, na katika shule yenye upungufu wa walimu hilo si ombi dogo. Kadhalika, mfano wa ndege una mpaka wake. Injini haikui, mtoto hukua, na mwalimu mgeni hukua kwa haraka kuliko sisi tunavyokumbuka. Kipimo kilichomfaa mwezi wa Julai chaweza kuwa kimembana mwezi wa Septemba. Mkufunzi anayepima mara moja akaridhika atakuwa amemfungia mwanachuo wake injini ya 4.1 bila kujua, na kumwona dhaifu kwa kosa lisilo lake. Hapana budi kupima tena na tena.

Walimu wenzangu watakaopenda kulijaribu somo hili wataona kwamba sehemu ya ndege za karatasi yafaa hata kwa darasa la sita au la saba, mradi hesabu za kipeo cha pili ziachwe. Kwa vyuo, napendekeza kadi za kuchagua ziandikwe na wanachuo wenyewe, wakitumia urefu wa miji yao juu ya bahari. Na kwa wale wanaosimamia mazoezi ya kufundisha katika shule zenye madarasa makubwa kuliko yetu, nitafurahi kusoma katika kurasa hizi jinsi wanavyougawa uzito huo, na ni wakati gani wanaona mwanachuo yu tayari kuachiwa darasa zima peke yake.